Mgeni wa Ukuta wa Ichraj

Ichraj Kevaliya alidhulumiwa, na dhuluma hiyo ilitendwa kwa upole, jambo linaloifanya inichukize zaidi. Kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye aliyechora mialiko ya harusi kwenye kuta za vichochoro vyetu, humu ndani ya Ngome ya Jaisalmer, India: Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, kando ya mlango, na chini yake majina ya maharusi, tarehe, na neno la kumkaribisha kila apitaye. Mumewe alipofariki mwaka 2014, ikasemwa kwamba mkono wa mjane huleta nuksi harusini. Mimi, kwa ualimu wangu, nilidai kuonyeshwa amri hiyo imeandikwa wapi, hakuna aliyenionyesha. Watu waliacha tu kumwita. Wakamchukua fundi mmoja wa mjini, chini ya ngome, ambaye kazi yake hasa ni kuchora matangazo ya saruji, na hadi leo kila Ganesh wake ana uso wa mtu anayekuuzia saruji.

Ukuta mmoja tu wa mtaa wetu ulibaki na mkono wa Ichraj: wa nyumba yake mwenyewe. Kwetu mwaliko haufutwi baada ya harusi. Hukaa mpaka nyumba hiyo ifanye harusi nyingine. Ichraj ana binti mmoja tu, Manju, aliyeolewa tarehe 8 Desemba 2011, kwa hiyo Ganesh wa Manju alikuwa bado yupo, amefifia kidogo, mkonga wake umejikunja kwa madaha. Mstari wa chini tu, ule wa mwaka, ndio uliofutika, kwa sababu ng'ombe wa mtaa hupenda kujikuna mbavu pale.

Desemba ya mwaka 2022 alifika Vasugi, karani wa posta mstaafu kutoka Chennai, akisafiri peke yake. Kihindi chake kilikuwa kile alichofundishwa shuleni. Alikisoma herufi baada ya herufi, kama anayechambua mchele. Alisimama mbele ya ukuta wa Ichraj, akasoma yote, kisha akamuuliza muuza chai kama mwaliko ule ulikuwa wa watu wote.

"Ukiwa ukutani ni wa kila mtu, mama," akajibu yule bwana bila kuinua macho kutoka kwenye birika lake.

Asubuhi ya tarehe 8 Vasugi aliketi kwenye baraza ya Ichraj akiwa amevaa sari ya hariri ya kijani, asumini kichwani, na mapajani amepakata taa ya shaba iliyofungwa utepe. Aliyemwona kwanza ni Tulsi, bibi wa nyumba ya mkabala, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji mkuu wa habari za nuksi.

"We mama, umependeza hivyo unamngoja nani?"

"Naingoja harusi."

"Ya nani tena?"

"Ya Manju." Vasugi akauonyesha ukuta.

Tulsi alicheka hadi akashika kizingiti. "Manju! Manju ana watoto watatu, na yule wa kwanza anakaribia kunizidi kimo!"

Mtaa mzima ukatoka kutazama. Vasugi alijifunika uso kwa ncha ya sari. Ndipo mlango ukafunguka, na Ichraj akatokea, mikono yake imejaa unga. Aliutazama ukuta, akamtazama mgeni, akaelewa.

"Karibu, dada. Umechelewa kidogo tu. Bwana harusi ameshanenepa, lakini chakula kipo."

"Nisamehe. Nimejiaibisha."

"Umejiaibisha kwa lipi? Nimekualika kwa mkono wangu mwenyewe. Ingia."

Vicheko vikakatika. Vasugi akafunua uso. "Kumbe umechora wewe? Sasa mbona hizi kuta nyingine zimechorwa na mtu asiyewapenda tembo?"

Tulsi akaanza kuutengeneza mtandio wake ambao haukuwa na kasoro yoyote. Mjukuu wake, Kritika, aliyekuwa aolewe mwezi wa Februari, alikuwa mlangoni akila pera.

"Bibi, mwaliko wangu achore shangazi Ichraj."

"Funga mdomo. Fundi ameshaitwa."

"Fundi gani? Yule wa harusi ya mwaka jana? Si mjomba wa bwana harusi, anayekaa mlango wa tatu, alisema hakujua kama kuna harusi! Huu ukuta umemleta mtu kutoka Chennai, miaka kumi na moja baada ya pilau kuliwa. Nuksi gani hiyo inayoleta wageni na taa za shaba?"

"Mtoto huyu ulimi wake ameutoa wapi?"

"Kwako, bibi."

Hata muuza chai alicheka. Tulsi, ambaye hakuna anachokiogopa duniani kama harusi yenye viti vitupu, aliitazama ile taa, akauachia mtandio.

"Haya, achore. Ila manjano ya kumpaka bibi harusi asiyaguse."

Nilimwambia kwamba huko ni kumkubali mtu mkono mmoja na kuukataa wa pili. "Shahada zako mbili, mwalimu," akanijibu, "hazijakufundisha hata kuvimbisha chapati. Niache."

"Mimi sijasema nimekubali," alisema Ichraj.

Wote tukageuka. Miaka yote aliyochora, jina lililowekwa pembeni mwa ukuta lilikuwa la mumewe, ambaye hakuwahi kushika brashi.

"Nitachora," akaendelea, "nikiandika jina langu."

"Andika hata namba ya simu!" Tulsi akafoka, akaingia ndani.

Ichraj aliichukua kauli hiyo kama ilivyo. Februari alipanda juu ya stuli kwenye ukuta wa Tulsi, mbele ya mtaa mzima. Masikio aliyachora polepole, mkonga akaumaliza bila kuinua brashi. Pembeni akaandika: Ichraj Kevaliya, na namba ya simu. Vasugi alikuja tena kutoka Chennai, na safari hii hakuchelewa.

Tarehe 27 Novemba 2023, katika harusi ya mjukuu wa pili wa Tulsi, Ichraj alimpaka bibi harusi manjano. Aliyemshikia bakuli alikuwa Tulsi.