Injini ya Pamba, Barafu ya Dunga

Walisema sitaweza kuiwasha. Baba mdogo alisema hivyo mbele ya wageni, siku lori lilipoishusha injini ile hapa Dunga, kando ya ziwa, ikiwa kutu tupu, kutoka kiwanda cha pamba kilichofungwa kabla sijaoa. Wenzangu niliosoma nao Kaloleni walisema huko nchi za Ghuba nilikuwa naosha magari, na kwamba diploma ninayo kweli, ila kazi yake ni kukaa kwenye fremu. Fundi mmoja wa Nyamasaria aliizunguka injini mara mbili, akaigusa kwa kiatu kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema, "Omera, ndugu yangu, hii uza kwa kilo, chuma chakavu."

Nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa katika kituo cha umeme wa dizeli jangwani. Nilianza nikifagia sakafu, nikamaliza nikiwa msimamizi wa zamu. Diploma niliisomea huko huko, kwa ada yangu mwenyewe. Sisemi haya kwa kujisifu. Mtu akikumbuka vizuri, hukumbuka na sifa zake.

Injini, pamoja na jenereta yake, niliifungua yote na kuifunga tena kwa miezi minne, peke yangu. Mteja wangu alikuwa mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha barafu karibu na ufuo, ambako wanawake wa samaki hununua barafu ya kubebea ngege hadi mjini. Stima ilikuwa ikimpotea mara kwa mara, na barafu haijui kusubiri. Alitaka umeme wake mwenyewe, ila hakunitaka mimi hasa. Muuzaji mmoja wa Nairobi alikuwa amemwahidi jenereta mpya kwa mkopo.

"Iendeshe kutoka asubuhi hadi asubuhi," aliniambia. "Ikizima hata mara moja, nampigia huyo wa Nairobi. Ikifika, tunaandikiana mkataba."

Nilikubali bila kufikiri. Hesabu niliipiga baadaye: saa ishirini na nne zingehitaji mitungi kumi na miwili ya dizeli, na pesa zangu zilikuwa zimeishia kwenye vipuri, ringi na nozeli. Benki walisoma diploma yangu, wakaisifu, wakanirudishia.

Basi nikakopa mafuta yenyewe. Mama mwenye posho mill, kinu cha kusaga mahindi, alinipa mitungi mitano. Mzee mmoja mwenye trekta alinipa mitano mingine, baada ya kunikumbusha kwamba marehemu baba alimkopa jembe likarudi bila mpini. Mchungaji alinipa miwili kutoka kwa jenereta ya kanisa, akasema Mungu anaona. Wote walikubaliana jambo moja bila kukutana: dizeli irudi dizeli, si pesa.

Hapo ndipo nilipoonyesha malezi yangu. Kwetu mtu haendi kukopa na chombo kichafu. Mama yangu alikuwa akisugua kibuyu kwa mchanga kabla ya kwenda kuomba maziwa kwa jirani. Asubuhi ya kwenda kukopa nilikuwa nimeosha mitungi yote kumi na miwili ziwani, kwa sabuni, nikaisuuza mpaka ikang'aa, nikaenda nayo kwa wenyewe kifua mbele. Ilikuwa mitungi safi kuliko yote iliyowahi kukopewa dizeli Kisumu.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niliiwasha. Injini kubwa ya zamani haiwashwi kwa ufunguo. Nilipima oili, nikapima maji ya kupoza, nikafungua vijikoki vya silinda, nikaizungusha kwa mtaimbo mizunguko miwili kuona kama itatema maji au oili. Haikutema. Nikafunga vijikoki, nikafungua chupa ya hewa iliyoshindiliwa. Hewa ikaisukuma, ikakohoa mara tatu, ikakubali. Baba mdogo, aliyekuja kushuhudia aibu yangu, alisema moshi ni mwingi. Niliiacha ipate joto kwanza, kisha nikaipa mzigo, kompresa moja ya barafu baada ya nyingine. Moshi ukaisha. Baba mdogo akakumbuka kazi nyumbani.

Mafuta niliyamimina kwenye tangi kupitia kitambaa cheupe, mtungi baada ya mtungi. Kitambaa kilibaki cheupe. Nilikionyesha kwa kila aliyepita.

Saa tisa alasiri sauti ilibadilika. Mtu mwingine asingesikia. Ilipanda, ikashuka, ikapanda, kama mtu anayesinzia ibadani, kisha taa za kiwanda zikafifia. Mama wa barafu alitoka nje na simu mkononi. Mwenye posho mill, aliyekuwa amekuja kuangalia dizeli yake inavyotumika, alisimama nyuma yake.

"Inazima?" mama wa barafu aliuliza.

"Inafikiri," nilisema.

Nilimwambia mfanyakazi wake azime kompresa zote isipokuwa moja. Mafuta yalikuwa yakipita kwenye machujio mawili niliyofunga kwa mkono wangu, moja likifanya kazi na jingine likipumzika, ili mtu aweze kubadilisha bila kuzima. Huko nilikotoka, asiye na chujio la pili hapewi zamu. Niligeuza mkono wa koki mafuta yapite kwenye chujio la pili, nikashuka chini ya tangi na kufungua bomba la kutolea uchafu. Yalitoka maji. Yalitoka maji maangavu, halafu kama maziwa, halafu dizeli. Karibu robo ya ndoo. Sauti ikayumba mara mbili zaidi, ikatulia.

"Hayo ni nini?" mama wa barafu aliuliza.

"Maji."

"Yametoka kwa nani?"

Nilikuwa na wakopeshaji watatu wa kuchagua. Lakini kila mtungi ulikuwa umebakiza kikombe cha maji ya kusuuzia, na kitambaa huzuia uchafu, hakizuii maji. Nilijua hilo tangu mwaka wangu wa kwanza wa masomo.

"Ni yangu," nilisema. "Niliosha mitungi, sikuianika."

Nilisema kweli kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na pia kwa sababu mwenye posho mill alikuwa pale.

"Mimi niliona inadondosha maji," alisema. "Nikadhani ndivyo diploma inavyofanya."

"Mama, ungeniambia."

"Nimwambie injinia? Mimi nasaga mahindi."

Mama wa barafu aliirudisha simu mfukoni.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, injini ilikuwa bado inaenda. Niliondoa mzigo polepole, nikaiacha iende bure dakika kumi ipoe, ndipo nikafunga mafuta. Ilisimama bila kutetemeka. Mkataba tuliutia sahihi juu ya friji ya barafu, karatasi ikalowa kona moja.

Malipo ya mwezi wa kwanza yalipoingia, nilinunua mapipa mawili ya dizeli na kukodi pikapu. Kwa mwenye posho mill nilipima mbele ya wateja wake. Aliwasha mashine hapo hapo, akasikiliza, akasema inasaga. Mchungaji alitaka kuomba kwanza. Nilimwomba tupime kwanza. Mzee wa trekta hakuwepo. Mke wake aliniambia niache tu. Nilikataa, nikakaa kwenye kiti cha uani hadi jioni, aliporudi kutoka shambani.

"Nilijua hutarudisha," alisema.

"Hesabu, Mzee."

Alihesabu mitano. Akarudia kuhesabu, akafika mitano tena, akamwita mke wake alete chai.