Nyumba ya Mpangaji

Nyumba yetu tulimjengea mtu mwingine. Wakati ule wataalamu wa gesi walikuwa wakipishana na magari yao kwenda Msimbati na kurudi, na hapa Mtwara kila mwenye kiwanja alikuwa anafyatua tofali. Mume wangu alikuwa karani bandarini, mimi nashona sare za shule. Tukajibana, tukajenga nyuma kidogo ya Shangani, mahali ambapo upepo wa bahari unafika ila bahari yenyewe huioni. Tukaweka vigae, feni, choo cha kukaa na chumba masta. Sisi na binti yetu tukajisitiri kwenye vyumba viwili vya uani, tukimsubiri mgeni mwenye kodi nono.

Mgeni hakuja. Wataalamu walipungua, nyumba za kupangisha zikawa nyingi kuliko wapangaji, na ya kwetu ikabaki imefungwa. Kila Jumamosi niliifungua, nikapiga deki, nikafuta vumbi kwenye feni isiyompepea mtu, nikaifunga tena. Kisha nikarudi uani kupikia nje, moshi ukinitoa machozi, na jiko zuri lenye sinki liko hatua chache nyuma yangu. Jirani yangu, mama wa Kiislamu anayependa utani, kila akipita alichungulia juu ya ukuta.

"Shoga, hao majini wako wanalipa kwa mwezi au kwa mwaka?"

Nilicheka naye. Nikishaingia ndani, kicheko kilikwisha.

Mume wangu si mchoyo, na sitaki msomaji amdhanie hivyo. Ni mtu wa sala, na aliamini kwa dhati kwamba Mungu atamleta mpangaji. Jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumba hadi nyumba, kwa zamu, na kila ulipofika wakati wa kutaja nia za maombi, yeye alimtaja mpangaji. Yule mtu asiyejulikana jina wala sura aliombewa kuliko wagonjwa. Mimi niliitikia kwa mdomo tu. Moyoni nilitaka tuhamie wenyewe, na siku moja nikamwambia. Akasema subira yavuta heri. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Baada ya hapo tukawa tunazungumza mambo ya chumvi na maji tu. Niliogopa. Niliona tutazeekea pale uani, kila mmoja na hasira yake, tukiilinda nyumba tupu.

Zamu yetu ilipofika, jumuiya ilikaa uani kwenye mikeka kama kawaida. Katikati ya sala mvua ya masika ikashuka bila kubisha hodi. Watu wakanyakua mikeka, wakabanana barazani, watoto wakalowa. Mimi nikachukua ufunguo nikafungua mlango wa mbele. Mume wangu alinitazama, kisha akawapisha watu. Wakaingia na tope lao hadi sebuleni, wakaketi juu ya vigae, tukaendelea.

Sala ya mwisho aliisali bibi mmoja mgeni, aliyekuwa amehamia mjini kutoka vijiji vya karibu na mto Ruvuma. Habari za mpangaji hakuwa nazo.

"Mungu Baba, asante kwa nyumba hii uliyowapa wanao," alisema. "Wakae humu, wale humu, wazeeke humu wakipendana."

Tuliitikia amina. Ya mume wangu ilichelewa.

Wageni walipoondoka, alichukua ndoo na tambara akapiga deki mwenyewe. Sikumzuia. Alipomaliza alikaa kizingitini akafuta mikono kwenye suruali.

"Mke wangu," alisema, "mpangaji tumemwombea sana. Kwa nyumba hatujashukuru hata siku moja."

Tukakubaliana tuhamie Jumamosi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikaanza kushona mapazia.

Ijumaa dalali akaja.

Alikuwa na mteja kweli, mtu nadhifu, amesimama getini anaisifia nyumba. "Mzee, huyu analipa mwaka mzima, taslimu," alisema dalali. Mimi niliyepigania kuhamia, kabla dalali hajafunga mdomo, kichwani nilikuwa nimeshalipa ada ya binti yetu, aliyekuwa ameanza chuo, na nimeshanunua cherehani ya umeme.

"Umechelewa, ndugu yangu," alisema mume wangu. "Nyumba imeshapata watu."

"Wanalipa ngapi? Mteja wangu ataongeza."

"Hawalipi."

Dalali akacheka. "Watu gani hao, mzee?"

"Mimi na mke wangu."

Waliondoka, dalali akitikisa kichwa. Nilimfuata mume wangu hadi chumba masta, nimefura.

"Na ada?"

"Tangu lini ada ikalipwa na kodi?" aliniuliza kwa upole. "Mtoto amefika chuo kwa cherehani yako, kwa kibarua changu cha bandarini, na kwa Mungu. Mpangaji hajatulisha hata siku moja."

Nilikaa sakafuni nikalia, na sifichi kwamba sehemu ya machozi yale ilikuwa ya ile pesa. Alinisubiri nimalize. Kisha akaniuliza kitanda kikae upande gani. Kule uani chumba kilikuwa kidogo, kitanda kiliweza kukaa upande mmoja tu, kwa hiyo kwa miaka yote ile hakukuwa na haja ya kuniuliza. Nikasimama, nikakitazama chumba chote, nikamwambia dirishani, penye upepo.