Maua ya Mama Nyuma ya Nyumba ya Kingstanding

Wenzangu mliokulia Birmingham mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati baba zetu wakikwangua kadi za simu ili wasikie sauti za kwao na mama zetu wakibeba unga wa chapati kutoka mjini, nyinyi mtanielewa. Watoto wa siku hizi nikiwahadithia hutikisa kichwa kwa huruma, kisha wanarudi kwenye simu zao. Sisi tulikuwa na baridi, tulikuwa na chipsi zilizoloa siki ndani ya karatasi, tulikuwa na madrasa Jumamosi na adabu wiki nzima. Na nyumbani kwetu, mtaa wa Kingstanding, kwa muda mfupi, tulikuwa na maua ambayo hadi leo nikiyakumbuka hasira hunifika kabla ya raha.

Nianze na uwanja. Baba alitoka Muheza, na kwao nyumba ya mtu wa heshima hutambulika kwa uwanja wake: udongo mtupu, umefagiwa alfajiri, mistari ya fagio inaonekana. Majani yakiota karibu na mlango maana yake wenyeji ni wavivu, au wamehama, au wanakaribisha nyoka. Kwa hiyo tulipopata ile nyumba, na nyuma yake kuna bustani ndefu ya nyasi, Baba hakuona bustani. Aliona aibu. Akaazima beleshi, akang'oa nyasi zote pamoja na udongo mweusi wa juu, akavitia kwenye mifuko na kwenda kuvitupa, mpaka ukabaki udongo mwekundu, mgumu, usio na kitu. Kisha akatukabidhi fagio la chelewa alilokuja nalo ndani ya sanduku, mimi na dada yangu Rehema, aliyenizidi miaka kumi.

Basi kila Jumamosi kabla ya madrasa tukawa tunafagia. Hebu fikirieni Februari ya Birmingham, mvua ya manyunyu, na wasichana wawili wenye hijabu wanafagia matope. Matope hayafagiki, lakini nani angemwambia Baba? Watoto wa mtaani walipanda uzio wakatuchungulia. "Oi, mbona mnapiga huva matope kama zulia?" waliuliza kwa Kiingereza chao cha puani, wakacheka hadi wakaanguka upande wa pili. Rehema alikuwa katika umri wa kuona haya, akifagia kichwa chini. Mama alisimama dirishani jikoni akisema, "Malizeni na kona ile, baba yenu ataiona." Hapo bado nacheka nikikumbuka. Mbele ya hapo kicheko kinapungua.

Jirani yetu alikuwa bibi wa Kiingereza, mjane, tukimwita Bi Dorini. Yeye alimwita kila mtu "bab", kama wazee wa Birmingham wanavyoita. Alitutazama tukifagia majira mazima bila kusema neno, hadi siku moja akamwita Mama kwenye uzio. Mama alikuwa akifanya usafi kwenye maofisi ya mjini, na Kiingereza chake kilikuwa cha kazini tu: pipa, choo, samahani, nimemaliza. Akanivuta mimi nitafsiri. Bi Dorini akasema Baba, bila kujua, amefanya kazi ambayo wengine huwalipa mafundi waifanye. Maua ya mwituni ya nchi hii hayataki udongo wenye rutuba. Rutuba hunenepesha nyasi, na nyasi huyanyonga maua. Yanataka ardhi iliyochoka, kama hiyo yenu.

Mama alicheka. "Muulize, ni maua gani hayo yanayopenda njaa?"

Septemba Bi Dorini akaja na mbegu ndani ya kopo la biskuti. Baba aliruhusu, nadhani akiwaza mistari miwili ya maua kando ya ukuta. Tulichanganya mbegu na mchanga mkavu ili tuone zilipoanguka, na Mama akazirusha kwa mkono ule ule wa kuwarushia kuku mtama. Ikawa marufuku kuzifukia. Zinatakiwa kukanyagwa tu, Bi Dorini alisema, zishikane na udongo. Mama akavaa viatu vya mvua vya Baba, akatushika mikono, tukaanza kukanyaga. Kukanyaga kukageuka ngoma. Mama akaimba nyimbo za harusi za kwao, akapiga vigelegele, na Bi Dorini upande wake anapiga makofi nje ya mdundo kabisa. Sikuwa nimewahi kumwona Mama akicheza katika nchi hii. Sikumwona tena baada ya hapo.

Kazi ngumu ikawa kumzuia Mama asiyalishe maua. Kila maganda ya viazi aliyoyamenya, kila maji ya mchele, mkono unamwasha kwenda kuyamwaga. Bi Dorini alikuwa akigonga kioo cha dirisha lake kwa pete: "No, bab! No dinner for them!" Mama anarudi ndani na sufuria yake, ananung'unika kwamba Wazungu hata maua yao wanayafunza roho mbaya.

Mwaka wa kwanza yalichipuka popi mekundu na maua madogo ya buluu. Mwaka wa pili yakafika mengine yote, na hapo sina maneno ya kutosha. Nyuki walikuwa wengi hata ukiwa jikoni unawasikia. Mama hakuweza kutamka majina ya Kiingereza, akayapa yake. Yale mekundu aliyaita mabibi harusi, kwa sababu uzuri wao haufiki kesho kutwa. Yale meupe yenye kiini cha njano aliyaita mayai. Na kulikuwa na ua moja la njano, lililotoka tangu mwaka wa kwanza, fupi, si zuri sana, ambalo vifuko vyake vikikauka mbegu hucheza ndani zikatoa sauti. Hilo aliliita kayamba. Bi Dorini alisema hilo ndilo mama wa bustani nzima. Hushika mizizi ya nyasi na kuinyonya, nyasi zikadhoofika, maua mengine yakapata nafasi. Lakini huishi mwaka mmoja tu, na mbegu zake hazikai akiba. Zisipokauka na kudondoka mwaka huu, mwakani huna kayamba, na baada ya hapo nyasi zinarudi. Kwa hiyo sharti lilikuwa moja: usikate mpaka mwisho wa Agosti.

Mama alilishika sharti hilo kuliko alivyowahi kulishika neno lolote la Kiingereza. "August," alikuwa akimwambia Bi Dorini kila asubuhi kwa kidole juu. "August, bab," anajibiwa. Huo ndio ulikuwa urafiki wao, na Mama hakuwa na rafiki mwingine katika mtaa ule.

Tatizo likawa Jumapili. Baba alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, na nyumba ikawa haikauki wageni. Wenyewe mnawajua watu wetu. Mtu anakula pilau yako, anakunywa soda yako, halafu anakwenda dirishani na kijiti mdomoni. "Mwenyekiti, hapo simba akijificha tutamwona kweli?" Mwingine anasema, "Shemeji, kwani majembe yamekwisha madukani?" Hata baba mmoja Mkongo, mtu wa kanisa, mpole, alisimama akaguna: "Mama Rehema, mais hii ni brousse, pori kabisa!" Mama alicheka pamoja nao huku akikusanya sahani. Baba hakucheka. Nilimwona akitazama ule uwanja wake kwa macho ya watu wa Muheza.

Siku moja mezani akasema pori lile litakatwa. Mama akaweka kijiko chini. "Baba Rehema, ningojee mpaka Agosti. Mbegu zidondoke tu. Baada ya hapo nitakata mimi mwenyewe kwa mikono yangu." Sijui kama aliwahi kumwomba kitu kingine tangu tufike Uingereza. Baba akajibu, "Haya. Agosti." Tulisikia sote.

Halafu ikaja posa ya Rehema. Familia ya Leicester, watu wa Tanga, watu wa kujua mambo, wangekuja Jumapili moja ya Juni. Baba akaanza kutembea ndani ya nyumba huku na huku. Alisema watu hao wataangalia binti ametoka katika nyumba gani. Mama akamwambia wageni watakaa sebuleni, mapazia ya nyuma atayafunga. "Nimekuelewa," Baba akasema. Wanaume wa rika lake walikuwa na neno hilo, na lilikuwa na maana kwamba mazungumzo yamekwisha.

Jumamosi asubuhi Mama akaenda kazini. Hajafika hata kituo cha basi, vijana wawili wa jumuiya wakaingia na mashine ya kukatia majani, na nje kukawa na mifuko ya saruji. Mimi nikaambiwa nipike chai ya mafundi. Nilisimama jikoni nikiangalia mabibi harusi wanalala, mayai yanalala, kayamba zinalala zikiwa bado mbichi, hazitoi hata sauti. Bi Dorini akatoka na nguo ya kulalia. "It's not August!" alipiga kelele. "She said August!" Baba akampungia mkono kwa heshima zote, anatabasamu. "Cleaning, cleaning! Visitors!"

Mama aliporudi adhuhuri, zege lilikuwa limeshafika katikati ya uwanja. Alisimama mlangoni na koti lake la kazini.

"Usikanyage, Mama Rehema, bado bichi," Baba akasema.

"Uliniambia Agosti."

"Tutakununulia maua ya kwenye vyungu. Mazuri zaidi."

Mama alikwenda kwenye mifuko ya takataka iliyopangwa kando ya nyumba, akaifungua mmoja mmoja, akaanza kuchambua kayamba. Alizitandaza juu ya magazeti kwenye dirisha la chumba chetu, akizigeuza asubuhi na jioni, akitumaini zitaivia hapo. Mimi nikatumwa kumuuliza Bi Dorini. Akasema haziivi zikishakatwa mbichi, pole sana, bab. Nilirudi nikamwambia Mama kwamba Bi Dorini amesema tusubiri. Wiki iliyofuata zikaota ukungu, Mama akakunja magazeti na kuyatupa bila kunitazama.

Na hiyo Jumapili yenyewe? Mvua. Mvua ya Birmingham, toka alfajiri hadi usiku. Wageni waliingia kwa mlango wa mbele, wakakaa sebuleni, wakasema waliyokuja kusema, wakala, wakasifu pilau, wakaondoka kwa mlango wa mbele. Hakuna hata mmoja aliyeutazama ule uwanja. Viti vya plastiki ambavyo Baba alivipanga juu ya zege jipya vilijaa maji.

Mama hakugomba. Alimwandalia Baba chakula kama kawaida, akamwita Baba Rehema kama kawaida. Lakini hakukanyaga tena nyuma ya nyumba. Nguo alianza kuzianika ndani, kwenye vipasha joto na migongo ya viti, kuta zikalowa, tukakohoa baridi zote zilizofuata, naye haanui wala haaniki nje hata jua likiwaka. Bi Dorini alimletea mbegu nyingine Septemba. Mama akazipokea kwa mikono miwili, akamwonyesha zege, akazirudisha. Baada ya mwaka mmoja hivi watoto wake Bi Dorini walimpeleka kwenye makao ya wazee, na hatukuambiwa ni wapi.

Sasa tazameni dunia. Siku hizi maua yale yale yamekuwa fasheni. Yanapandwa kando ya barabara na kuwekewa kibao, kwamba hapa hatukati, tunawatunza nyuki. Vijana wanapiga picha mbele yake wakiwa wamefumba macho. Binti wa Rehema, Zuhura, mwanafunzi wa chuo kikuu, amepanga nyumba Selly Oak na wenzake, na nyuma yake wamemwaga mbegu za pakiti. Kiangazi kilichopita alitualika sote, babu na bibi yake wakiwemo. Kiswahili anakisikia, kukisema mpaka abanwe. Akamshika Mama mkono, akamwelekeza: "See, Bibi, unatakiwa uiache tu, messy. It's actually a whole science." Mama akasema, "Enhe." Nilitamani kucheka, nikashindwa.

Baba siku hizi anatembelea fimbo na amekuwa laini. Alikaa kwenye kiti cha bustani, akayatazama maua, macho yakamlegea. "Mashallah, mjukuu wangu. Hata sisi tulikuwa nayo Kingstanding, unajua? Mengi! Bibi yako aliyapanda. Watu walikuwa wanakuja kuyatazama."

Zuhura akashtuka. "For real? Sasa yakaenda wapi?"

Mama aligeuka akamtazama Baba. Nami nilimtazama. Miaka yote ile, na swali limeulizwa na mtoto asiyejua lolote. Baba akapangusa miwani yake.

"Yalikauka," akasema.

"Aww, Babu! Hukuyamwagia maji?"

Sisi wa enzi zile huwa tunawacheka watoto hawa. Hawana subira, hawana salamu, wakubwa wakisema wanadakia. Lakini kama Zuhura angekuwepo jikoni Jumamosi ile, angetoka nje akasimama mbele ya mashine, akamwita Baba mwongo kwa lugha zote mbili. Sisi tulifundishwa kwamba mkubwa hakatizwi, na tulifundishwa vizuri. Mama akasema taratibu, "Ndiyo, mjukuu wangu. Yalikauka." Akainama akachukua birika, akammiminia Baba chai. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikapokea kikombe nikampelekea, nikakishika kwa mkono wa kulia, nikamwambia, "Karibu, Baba." Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Siku ile niliichukia.