Shangazi Breki na Uvimbe Uliopungua Kidogo

Shangazi yangu alifundisha watu kuendesha gari. Gari lake lilikuwa na breki ya pili upande wa mwalimu, naye aliikanyaga bila huruma, ndiyo maana wanafunzi wakamwita Breki. Mdomo wake nao haukuwa na breki hata moja.

Alipoanza kuona damu chooni, alidhani ni bawasiri ya kukaa kutwa kwenye kiti. Kumbe ni saratani, chini kabisa, kwenye njia ya haja kubwa. Madaktari walitaka kuipiga mionzi na dawa kwanza ili inywee, ndipo wakate. Alikonda, alitapika, na bado alimkemea nesi aliyemwita "maskini mama wa watu".

Matibabu hayo yalipokwisha akapigwa picha tena. Fundi cherehani tuliyezoea kumkuta kwenye foleni ya mionzi alitoka kwa daktari akicheka: uvimbe wake umeyeyuka wote. Tukaingia sisi. Wa shangazi ulikuwa umepungua kidogo tu.

"Nipe ukweli, daktari. Hiyo kidogo maana yake nini?"

"Uvimbe ukiyeyuka wote, wengi huishi miaka mingi bila kurudiwa. Ukiwa mkaidi kama wako, hatari ya kurudi ni kubwa zaidi. Upasuaji ni lazima, na utabaki na mfuko wa choo tumboni."

"Wapo wenye uvimbe mkaidi kama huu wasiorudiwa?"

"Wapo, tena si haba."

"Basi nipangie siku ya kukatwa."

Nyumbani, baba yangu, kaka yake mkubwa, niliyempigia simu tukiwa njiani, alikuwa ameshaita kikao. Ndugu wamejaa sebuleni, wanaongea kwa sauti za msibani. Baba akasema dawa zimekataa, kumkata ni kumtesa bure, aachwe apumzike. Hata mtu wa kulichukua gari la shangazi alikuwa amempata! Nampenda baba, lakini siku ile alinitia aibu.

Shangazi alisimama mlangoni. "Kaka, dawa zimefanya kazi yake kidogo, iliyobaki ni ya kisu. Mgonjwa mnaye hapa. Maiti mnayemjadili simwoni."

Asubuhi ya upasuaji alikwenda hospitali na mwanafunzi kwenye usukani, mimi nyuma na begi la nguo. Mwanafunzi alitetemeka hadi gari likazima katikati ya njia panda.

"Anayekwenda kupasuliwa ni mimi," shangazi akamwambia. "Wewe unatetemekea nini? Washa, twende."

Alikatwa, akapona, akauzoea ule mfuko kwa matusi mengi, akarudi kazini. Mwaka wa tatu, picha ikaonyesha doa kwenye pafu. Saratani imerudi. Nililia kwenye korido bila kujificha. Baba naye, mazoea yana taabu, akaita kikao kingine.

Safari hii shangazi aliwahi kuliko wote, akakaa kwenye kiti cha baba.

"Mara ya kwanza mlinizika kwa mdomo," alisema. "Miaka hii yote nimeishi bila ruhusa yenu, na sitaiomba leo. Daktari anasema doa linatolewa, nami nakwenda Jumatatu. Anayetaka kunisindikiza aje. Anayetaka kulia, akalilie kwake."

Baba akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, Jumatatu awe tayari kumsindikiza saa ngapi.