Mama Mizani na Mlinzi wa Beisi ya Pili

Kiwandani walimwita Mama Mizani kwa sababu ndiye aliyepima unga. Miaka kumi na sita alisimama mbele ya mizani, akimimina, akipunguza kijiko, akiongeza nusu, na mikate ilipotoka tanurini hukuona mmoja uliouzidi mwenzake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jicho lake halikupitwa na kitu. Ndiyo maana timu ya besiboli ya kiwanda ilipokosa mtu wa kuandika mechi, kocha alimfuata yeye, akamwacha karani wa ofisi.

Kocha alikuwa mwokaji mkuu, mtu wa makamo mwenye tumbo la kumtangulia na sauti iliyoshinda mashine ya kukandia. Kila Jumamosi mchana timu ilipocheza, Mama Mizani alikaa mwisho wa benchi, daftari magotini, akiandika kila mpira: nani kaupiga, umekwenda wapi, nani kaudaka, nani kaukosa. Misimu minne alifanya hivyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje, naye hakujipendekeza kusema.

Basi mlinzi wa beisi ya kwanza, kile kituo anachokimbilia mpigaji akishapiga, akahamia kazi mji mwingine, timu ikabaki na pengo. Wiki mbili kabla ya mechi na kiwanda cha sabuni, kocha alimjia pale mizanini, mikono imejaa unga.

"Mama, yule kijana wa kupakia mikate, Panzi, ana mbio utadhani kaiba. Nataka alinde beisi ya kwanza, na tukipiga sisi, awe wa kwanza kushika gongo. Shemeji yako abaki beisi ya pili, ila kwenye kupiga nimshushe wa mwisho. Umri umeenda. Daftari lako linasemaje?"

Shemeji yake huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi wa matanuri, na alikuwa amelinda beisi ya pili miaka kumi na moja. Mama Mizani alifuta mizani kwa kitambaa.

"Nipe mpaka Jumatatu," akasema.

Jumamosi hiyo hapakuwa na mechi. Akatandaza daftari juu ya meza ya chakula, akaanza kuhesabu. Mumewe, fundi rangi asiyejua besiboli hata ya kudanganyia, alipita na kikombe cha chai, akachungulia.

"Mbona umenuna kama umeona barua ya polisi?"

"Mdogo wako. Msimu huu mipira ishirini imebiringika upande wake, karibu na beisi ya kwanza. Tisa imempita. Msimu wa kwanza nilioandika, kati ya ishirini na miwili ilimpita mitatu tu."

"Basi atolewe."

"Ngoja. Kwenye kupiga hakuna anayemfikia. Hakurupuki. Mrushaji akirusha ovyo, yeye anatulia tu, mpaka ihesabiwe mipira minne mibaya apewe beisi ya kwanza bure. Mara sitini kashika gongo, thelathini na moja kafika beisi. Panzi naye anapiga kila kinachopita, hata nzi. Mbio zake zitamsaidia nini, na beisi yenyewe haifiki?"

Mumewe akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wewe unajua atakavyolipokea. Ile nafasi kwake ni kama jina lake."

Alijua. Na kuna jambo hakulisema: kwenye ngazi za nyumba yao shemeji alikuwa akishika ukuta.

Angeweza kumpa kocha hesabu zake na kunyamaza, shemeji akazikuta zimebandikwa ubaoni kama wengine. Roho yake ilikataa. Jumapili shemeji alipofika kuwasalimu, Mama Mizani akapiga moyo konde.

"Shemeji, kocha kaniuliza habari za timu. Kabla sijamjibu, nimeona nikwambie wewe kwanza. Nitamwambia beisi ya pili apewe Panzi, wewe ulinde ya kwanza."

Shemeji akaweka kikombe chini taratibu. "Panzi? Yule aliyekuja juzi?"

"Beisi ya kwanza haitaki kukimbia sana. Inataka mikono, na mikono unayo. Na bado utakuwa wa kwanza kupiga."

"Nimekula chakula chako miaka yote hii, shemeji," akasema, akasimama, "leo umenipima kama unga." Akaondoka, chai yake haijafika nusu.

Mama Mizani hakupata usingizi mzuri. Jumatatu alimweleza kocha yote. Kocha alikuna kichwa, akauliza maswali mengi, mwisho akasema, "Sawa. Tutajaribu."

Siku tatu shemeji alipita mizanini kama anayepita nguzo. Siku ya nne akasimama.

"Hilo daftari lipo?"

Akampa. Alilisoma akiwa wima, karatasi moja baada ya nyingine, midomo ikihesabu. Alipofika kwenye mapigo yake akatabasamu bila kupenda. "Thelathini na moja? Kumbe mimi mtu!" Kisha akashusha sauti. "Goti hili, shemeji. Tangu mwaka jana. Nilikuwa najikaza kisabuni."

"Nilikuona ngazini."

"Na hukusema?"

"Nilikosea. Ningesema mapema."

Jioni hiyo kwenye mazoezi alimwita Panzi, akamwonyesha namna ya kuweka miguu, wapi pa kusimama mpigaji akiwa wa mkono wa kushoto. Panzi aliitika "ndiyo, kaka" mpaka akachoka.

Siku ya mechi Panzi alishika gongo mara tatu na mara tatu akapiga hewa. Benchi zima likacheka, na yeye akacheka. Lakini mzunguko wa saba, timu yao ikiongoza kwa pointi moja tu na wapinzani wawili wakiwa tayari mbioni kwenye beisi, wawili wengine wameshatolewa na amebaki mmoja zamu yao iishe, mpira ulichapwa chinichini, ukienda palepale palipokuwa pakivuja. Panzi aliruka, akaangukia kifua, akauzuia, akautupa beisi ya kwanza akiwa bado magotini. Ukaenda chini mno. Shemeji akakanyaga beisi, akajinyoosha mzimamzima, akauzoa mavumbini kabla ya mkimbiaji kufika. Nje! Na mzunguko wa saba ndio waliokubaliana kumalizia; wakashinda kwa pointi ileile moja.

Mama Mizani aliandika haraka hata ikabidi arudie namba.

Wiki iliyofuata shemeji alikwenda kwa daktari wa mifupa, akapewa mazoezi ya kufanya kila asubuhi na matumaini ya misimu miwili zaidi, pengine mitatu. Kocha naye alisogeza watu kwenye benchi, akalipiga benchi kwa kiganja, pale karibu yake.

"Kaa hapa, mama. Sasa niambie kuhusu mrushaji wetu. Na usinifiche."

Mama Mizani akakaa, akafungua ukurasa mpya. "Kwanza," akasema, "anachoka mapema kuliko unavyodhani."