Picha Niliyoikata Upande wa Kushoto

Mwaka jana mwezi wa saba niliitwa tapeli mbele ya watu thelathini na mmoja kwa sababu ya kivuli.

Hakikuwa kivuli changu. Kilikuwa cha watu wawili ambao kwenye picha yangu hawapo.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hapa Ballarat, Australia, kila mtu anaisimulia anavyotaka yeye.

Naitwa Maxine. Nina miaka sitini na tatu, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mwanachama wa klabu ya kamera ya mtaa wetu. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi. Kila mtu anakuja na picha yake na sahani ya vitafunwa. Jaji anatoka mji mwingine ili asimjue mtu. Anasifu, anaponda, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani tumenuniana.

Mwezi wa saba mashindano ni ya picha za bustani wakati wa baridi. Hicho ndicho kikombe kila mtu anakitaka. Mimi nilikuwa nimekikosa miaka kumi na nane mfululizo.

Basi Alhamisi moja nikaingia kwenye bustani ya mji, ile yenye ziwa, jua linachomoza.

Nyasi zilikuwa zimefunikwa na sakitu, umande ulioganda, nyeupe pee. Miti haina hata jani. Mvuke unapanda kutoka ziwani, na katikati ya mvuke akajitokeza bata maji mweusi, peke yake.

Nikapiga magoti, suruali ikalowa. Nikampanga bata kulia, mti mkubwa kushoto, nikabana pumzi, nikabonyeza.

Nilikuwa namtazama bata tu.

Nyumbani nikaifungua kwenye kompyuta. Nikaikuza upande wa kushoto nione kama ule mti umetoka vizuri.

Chini ya mti palikuwa na benchi. Kwenye benchi alikuwa Clive.

Clive ni mume wa Coralie. Coralie ni mwanachama mwenzangu, na rafiki yangu tangu watoto wetu wakiwa chekechea. Na Alhamisi asubuhi Clive huwa kwenye bwawa la kuogelea, ananyoosha goti lake lililopasuliwa. Ndivyo Coralie alivyokuwa anatuambia.

Goti nililiona. Lilikuwa limeegemea goti la mwanamke mwenye koti la rangi ya haradali, na mkono wa Clive ulikuwa ndani ya mfuko wa koti hilo.

Nikainuka, nikachemsha chai. Nikanywa vikombe viwili nimesimama.

Halafu nikarudi, nikaushika ukingo wa kushoto wa picha, nikausukuma ndani taratibu. Mti ukatoka. Benchi likatoka. Koti likatoka, na Clive akatoka.

Na niseme ukweli wangu, picha ikawa nzuri zaidi bila Clive. Bata akapata nafasi ya kupumua.

Nilijiambia nimemfichia rafiki yangu aibu. Pia nilikitaka kile kikombe. Yote mawili ni kweli.

Nikashinda.

Jaji, bwana mmoja kutoka Bendigo, alisema imekatwa na mtu anayejua nini cha kuacha nje. Coralie alinipigia makofi mpaka mwisho.

Siku nne baadaye akanipigia Neville, katibu wetu, mtu anayepiga simu kama anasoma hati ya mahakama. Akasema kuna mwanachama ametia shaka kwa maandishi. Kwenye nyasi, chini kushoto, kuna kivuli cha watu wawili. Watu wenyewe hawaonekani. Mwanachama huyo anadhani nimewafuta.

Kukata ukingo wa picha kwetu ni ruhusa. Kufuta kitu kilichokuwemo ndani ni kosa, unanyang'anywa ushindi.

Nikaitazama picha yangu upya. Jua la asubuhi huwa chini sana miezi hii. Lilikuwa limewatandaza Clive na mwenzake kwenye sakitu, vichwa vimegusana, kofia na yote.

Niliwatoa watu, nikaacha kivuli chao.

Nikamwambia Neville kwamba walikuwa nje ya ukingo, mimi nimekata tu. Akasema ananiamini.

"Lakini kanuni, Maxine."

Kanuni inasema mtu akitia shaka, picha nzima, kabla haijakatwa, inaonyeshwa kwenye skrini mbele ya wanachama wote.

Kanuni hiyo niliiandika mimi. Nilikuwa namlenga mtu mwingine.

Skrini yetu ina upana wa mita tatu. Coralie hukaa safu ya mbele kwa sababu ya macho yake.

Najijua mimi. Nikibanwa mbele za watu, naweza kutoa chochote. Kwa hiyo Ijumaa niliifuta picha nzima kutoka kwenye kompyuta. Nikaifuta na kwenye kamera. Nikapekua kila mahali nisibakize hata moja.

Jumamosi, kwenye mkutano wa dharura, Neville akaniomba nije mbele. Nikasema sina.

"Huna, au hutaki?"

"Nimeifuta, Neville."

Mtu wa safu ya nyuma akatamka lile neno, tapeli, na hakuna aliyemkataza. Kikombe akapewa Beryl, aliyekuwa wa pili, kwa picha ya pipa la taka lenye sakitu.

Hilo nililimeza. Kilichoniuma ni Coralie. Alikuwa pale pale safu ya mbele na hakunitazama hata mara moja. Nimemfichia aibu yake, nimepoteza jina langu kwa ajili yake, na yeye anaangalia viatu. Nililia ndani ya gari, sioni haya kusema.

Jumanne saa nne asubuhi akaja nyumbani. Akakaa jikoni na koti lake mwilini.

"Ile barua niliandika mimi," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Ile kofia kwenye kivuli, yenye kishada juu, nimemfumia Clive mimi mwenyewe. Hata iwe kivuli naijua."

"Sasa shosti, si ungeniuliza tu?"

"Ungeniambia ni mti."

Ni kweli. Ningemwambia ni mti.

Akanieleza. Miaka miwili anamuuliza Clive kama ana mwanamke mwingine, na miaka miwili Clive anamjibu kwamba anazeeka vibaya, anaona vitu ambavyo havipo. Amemwambia hivyo mpaka naye ameanza kujishuku. Alipokiona kile kivuli alitaka kitu kimoja tu: picha nzima iwekwe ukutani, watu thelathini waone alichokiona yeye, ili Clive asipate pa kusema anaota.

"Nilishavaa vizuri siku hiyo," akasema. "Nilikwenda hadi saluni. Wewe ukasimama pale ukanitunzia heshima."

Sijawahi kuona aibu vile kwa jambo jema nililolitenda.

Akauliza kama kweli nimeifuta. Nikasema kweli. Akauliza tena, kwenye kamera pia? Nikasema pia. Akafunga macho kidogo.

Halafu akatoa simu yake, akampigia Clive.

"Niko kwa Maxine. Amenionyesha picha nzima."

Akakata.

Akaniambia Clive akinipigia, niseme ndiyo. Nikamwambia mimi ni mtu niliyekwisha kuitwa tapeli, nianze na kusema uongo tena?

"Maxine, mama, una deni gani na Clive?"

Dakika mbili hazikuisha, simu yangu ikaita. Nikaweka spika.

Clive hakusalimia. Akauliza kama ni kweli nimemwonyesha Coralie.

"Ndiyo," nikasema. "Nzima, bila kukata."

Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba bei ipungue:

"Hata ile ya darajani?"

Mimi sijawahi kupiga picha darajani maisha yangu yote.

Coralie akaisogelea simu.

"Endelea, Clive," akasema. "Hiyo ya darajani sijaiona."

Siku hizi Clive anaishi kwa kaka yake, mji wa Geelong.

Mkutano uliofuata Coralie alisimama, akasema barua ilikuwa yake na kwa nini aliiandika. Neville akanipa pole kwa niaba ya wanachama wote. Kisha akasema kwa kuwa picha nzima haipo, uamuzi unabaki ulivyo. Beryl akarudi kukaa na kikombe chake.

Sikubishana. Kanuni ni yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Siku ukimwona mume wa rafiki yako kwenye ukingo wa picha yako, mpelekee rafiki yako picha nzima na umwachie kiti mbele ya kompyuta. Akate mwenyewe.