Santuri ya Mbuzi ya Nazi

Watu walidhani nimerukwa na akili nilipoanzisha lebo ya santuri mjini Bagamoyo. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza cherehani, na cherehani ndizo zilizoendelea kutulisha. Lakini nusu ya duka niliigeuza chumba cha kunasia sauti, nikatundika magunia ukutani kuzuia mwangwi, na mashine nikaiendesha kwa betri ya lori. Dansi na taarabu sikuzitaka, zilikuwa na wenyewe wakubwa. Nilitaka muziki ambao hakuna mwingine angeutaka. Nikaupata, na kweli hakuna aliyeutaka.

Mwanamuziki wangu wa kwanza alikuwa Mzaramo wa Kerege, mpiga udi, rafiki yangu na mtani wangu. Babu yangu alishuka pwani na mizigo kutoka Unyamwezi asirudi tena, na Mnyamwezi na Mzaramo wana ruhusa ya kutukanana bila kugombana. Yeye aliniita mpagazi, mimi nikamwita mvivu. Siku moja akaniambia amechoshwa na nyimbo za mapenzi. "Muziki ninaoutaka mimi uko jikoni kwa mama," akasema.

Tukaenda na mashine. Mama yake alikalia mbuzi ya kukunia nazi, anakuna, na mwanawe alikuwa nje ya kiambaza cha makuti akimfuatisha kwa udi, mkono kwa mkono. Mama alijua tunanasa mlio wa mbuzi. Alituona wapumbavu, akaendelea na kazi yake. Asichokijua ni tabia yake mwenyewe: nazi inapokaribia kifuu na mlio kubadilika, yeye huanza kuvumisha wimbo kooni, mdomo umefumbwa. Hiyo nayo ikaingia kwenye mashine, na ndipo santuri inapoishia.

"Mwisho usiukate," rafiki yangu akanionya. "Na usimwambie. Nataka ausikie mwenyewe."

Sahani zilichapwa ng'ambo, zikaja, mji ukacheka. Mteja mmoja wa Fukayosi aliniambia nimpe ya dansi, hiyo ya tui nimpelekee mpishi. Nikamfukuza dukani. Mwenzangu hakujali. "Ngoma ivumayo haidumu," alisema, "na yetu haijavuma hata kidogo, basi itadumu."

Kilichomuuma ni mama. Tulipompigia santuri mara ya kwanza alisikiliza kidogo tu, akatusimamisha. "Mwanangu, jiko langu limekuwa kichekesho? Watu wacheke mbuzi yangu mpaka Makurunge?" Kila mwanawe alipojaribu tena, mama aliinuka kabla ya nusu. Rafiki yangu alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, lakini nilimwona akirudi kutoka Kerege na gramafoni begani, amenuna kama mtoto aliyenyimwa ukoko. "Si lazima aipende," aliniambia. "Afike mwisho tu."

Homa ikamchukua rafiki yangu kabla mama hajafika mwisho.

Nilikasirika, wala sifichi. Nilimkasirikia yeye kwa kufa na mama kwa ukaidi wake. Siku ya kumaliza matanga, hitima ilipokwisha kusomwa, nikafanya kazi ya mtani. Nilivaa kofia ya marehemu upande, nikabeba gramafoni, nikaketi mlangoni mwa jiko ili chakula kisitoke. Wageni wa mbali walinung'unika: santuri msibani! Mjomba wa marehemu akawatuliza. "Mwacheni, huyo mtani wetu." Kisha akanigeukia. "Haya, mpagazi, taja unachotaka utupishe. Kuku?"

"Mzaramo wenu alikuwa mvivu," nikasema kwa sauti ya kusikika uani kote. "Amekufa kazi hajaimaliza. Sitaki kuku. Nataka mama akae hapa, asikilize mpaka mwisho, ndipo mle."

Mama alinitazama. Mtani hakataliwi siku kama ile, naye alijua. Akakalia mbuzi yake, maana ndicho kiti kilichokuwa karibu. Nikatia gramafoni ufunguo, nikashusha sindano.

Nilikuwa nimejiandalia kejeli za kumtupia marehemu wakati udi unalia. Hata moja haikutoka. Mlio wa mbuzi ulikwenda, ukakwenda, ukabadilika, na ile sauti ya mdomo uliofumbwa ikaanza. Wanawake wenye masinia wakatazamana.

"Nani huyo?" mama akauliza, ingawa alikwisha kujua.

"Ni wewe, mama. Na huyo anayekufuata ni yeye."

Akainamisha kichwa mpaka sindano ilipobaki kukwaruza tu. Nikanyoosha mkono niizime gramafoni niondoke mlangoni, maana ahadi ni ahadi. Akanishika kifundo cha mkono.

"Unakwenda wapi, mtani? Irudishe mwanzo."

Wageni siku ile walikula wali wa baridi.